Kuchuchumaa Mbele ya Mkwe

Kiwanda cha magodoro kilipata timu ya besiboli kama watu wanavyopata mafua: Mkurugenzi alisafiri ng'ambo, akakaa huko siku chache, akarudi nayo. Alishuka na magongo, glavu za ngozi, mfuko wa mipira na kofia moja ya chuma yenye wavu mbele, ya kumkinga uso yule anayedaka. Kofia ilikuwa nzuri, inang'aa, hata Mkurugenzi akaona ni kuionea kuivalisha mtu. Akaifungia kwenye kabati la vioo pale mapokezi, mahali pa kuwekea vikombe vya ushindi, kwa kuwa vikombe vyenyewe havikuwepo na kabati lilikuwa linaaibika kukaa tupu mbele ya wageni.

Mchezo wenyewe si mgumu, msitishwe. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anarusha mpira. Mpigaji anausubiri na gongo. Nyuma ya mpigaji kuna mdakaji, amechuchumaa, miguu kaiweka mbali mbali, glavu kaitoa mbele, anangoja kudaka kile ambacho mpigaji atakikosa. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Ila kuna kijisheria kimoja cha ajabu: akikosa mara ya tatu na mdakaji naye akaukosa mpira, mpigaji ana ruhusa ya kutimua mbio mpaka kituo cha kwanza, na hakuna wa kumwuliza. Kijisheria hicho ndicho kilichowatoa roho watu wa magodoro.

Mrushaji wao alikuwa Mzee Bohari. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akirusha marobota ya sponji kutoka sakafuni hadi rafu ya juu, na mkono ukawa mkono kweli. Mpira ukimtoka ulipiga mluzi. Mdakaji wake alikuwa kijana wa mashine ya kukatia sponji, waliyemwita Kisu, mpole kupita kiasi, mwenye macho makali na magoti mepesi. Bila kofia ya wavu, maana kofia ilikuwa inapendeza wageni, Kisu alidaka kwa uso mtupu, na pua yake ilikuwa na alama ya kuthibitisha hilo. Lakini walielewana, yule mzee na yule kijana. Msimu ulipoanza waliwafunga watu wa kiwanda cha sabuni, wakawafunga wa misumari, wakawafunga wa unga mpaka watu wa unga wakaondoka wamenywea, hata maji hawakuomba.

Ushindi ule wa unga ndio uliomharibu Kisu. Kichwa kilimvimba kidogo, na kwa kile kichwa kilichovimba akajiona mtu wa kuweza kuposa. Kwa muda mrefu alikuwa akimpenda binti wa Mzee Bohari, ambaye alishona foronya za magodoro kwenye chumba cha cherehani, msichana wa maneno machache na kicheko kikubwa. Wenyewe walikwisha kuelewana zamani, kwa vile vijisababu vya kupelekeana sponji iliyokatwa vibaya kwa makusudi. Iliyobaki ilikuwa kumwambia baba.

Basi Kisu akamtuma shangazi yake. Shangazi huyu ndiye aliyekuwa akipika chai kiwandani, na kwa mdomo wake nusu ya wafanyakazi wa pale walikuwa wameoa au wameolewa. Alijifunga vizuri, akaenda nyumbani kwa Mzee Bohari na maneno matamu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, nitajibu," na hapo pakawa kimya.

Mechi iliyofuata, Kisu alikwenda kuchuchumaa nyuma ya mpigaji kama kawaida. Akainua macho. Juu ya kichuguu hakumwona mrushaji. Alimwona baba mkwe.

Miguu ikagoma palepale. Hebu fikiria na wewe: umepeleka posa kwa mtu, jibu hujapata, halafu unachuchumaa mbele yake magoti huku na huku kama chura, mchana kweupe, watu wanatazama! Kisu hakuweza. Alibana magoti, akajishusha upande upande kama mtu anayeamkia wazee ukumbini, akainamisha kichwa, akatoa mikono miwili kupokea. Mpira ukapita juu ya bega lake ukipiga mluzi na kugonga ukuta wa nyuma.

"Samahani, mzee," alisema Kisu, akakimbia kuufuata.

Ikawa ndiyo mtindo. Mzee anamkosesha mpigaji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wanaanza kupiga makofi, Kisu yuko chini pale kainama kwa heshima zote, anaangalia ndala za mwamuzi, mpira umepita, mpigaji aliyekwisha kutoka anakwenda zake kituo cha kwanza anacheka. Wakafungwa na watu wa saruji. Wakafungwa na watu wa viatu. Wakafungwa na watu wa rangi, ambao walikuwa hawajawahi kumfunga mtu na ikabidi waulizane wanashangiliaje.

Hakuna aliyejua tatizo liko wapi. Ukifungwa kila mtu anamtazama anayerusha, nani ana habari na aliyeinama nyuma? Kocha alikuwa Afisa Utumishi, aliyepewa ukocha kwa kuwa alikuwa na filimbi. Mkurugenzi mwenyewe alicheza kituo cha tatu, kwa sababu palikuwa na kivuli, na muda mwingi alikuwa na simu sikioni. Kisu alijua, lakini angesema nini, na kwa mdomo upi? Kila asubuhi Shangazi alimpelekea Mzee Bohari chai yenye sukari ya kumwaga, akasimama mlangoni akitabasamu. Kila asubuhi Mzee alisema, "Nitajibu." Kisu akaanza kukonda.

Msimu ulipofika katikati, Mkurugenzi akaitisha kikao cha tathmini.

Kikao kilifanyika chumba cha mikutano, ambacho viti vyake havikuwahi kutolewa nailoni, kwa hiyo mtu akijigeuza kidogo wote wanajua. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo. Magodoro ya maonyesho yalikuwa yameegemezwa ukutani, na wachezaji waliyatazama kwa uchu maana walitoka zamu. Mbele alisimama Mshauri, mtu wa kukodiwa, suti imemkaa, ambaye asubuhi ile ndipo aliposikia neno besiboli kwa mara ya kwanza. Hilo halikumsumbua hata kidogo. Aliwasha mashine yake, na ukutani pakatokea neno moja kubwa: NGUVU.

"Tuanze na yale tunayoyafanya vizuri," alisema Mshauri. "Karibuni, msiogope."

Hawakuogopa hata. Kocha alikuwa wa kwanza kusimama, filimbi shingoni. "Nguvu yetu ya kwanza ni uongozi wa Mheshimiwa Mkurugenzi."

Makofi. Mkurugenzi akatikisa kichwa kama anayekataa.

"Jezi," alisema Mhasibu. "Jezi zetu hakuna timu inayotufikia. Hata tukifungwa, tunafungwa tumependeza."

"Na nidhamu," akadakia mwingine wa ofisini. "Tunafungwa kwa nidhamu sana. Hatugombani na mwamuzi, hatulalamiki. Timu nyingine zinatusifu."

"Zinatupenda," alisema Kocha.

"Tena kuwepo kwa Mkurugenzi pale kituo cha tatu kunaipa timu hadhi," alisema Mhasibu, na kilemba cha ukoka kikazidi kurefuka.

Kisu alikuwa amekaa nyuma, karibu na godoro la futi sita. Aliikumbuka ile hadhi. Mechi ya watu wa rangi mpira ulipita katikati ya viatu vya Mkurugenzi huku yeye akisema, "Haloo? Haloo, nakusikia, wewe hunisikii?" Hakuna aliyegusia. Kila mmoja aliyekuwa uwanjani siku ile alikuwa ndani ya chumba hiki, na wote walikuwa wakipiga makofi.

Mshauri akabonyeza. Ukutani pakatokea: UDHAIFU. Viti vikalia vyote kwa pamoja.

"Hapa nimewasaidia," alisema Mshauri, na akaonyesha mchoro wenye mstari unaopanda halafu unaporomoka. "Timu ilishinda, kisha ikaanza kushindwa. Kitu gani kinachoka kadiri msimu unavyokwenda? Mwili. Na ni mwili wa nani uliotumika kuliko yote? Wa mrushaji. Na mrushaji wetu, kwa heshima zote, ni nani? Ni mzee. Napendekeza mzee wetu apewe nafasi ya kupumzika kwa hiari, na kichuguu wapewe damu changa."

"Mimi huwa nafanya mazoezi ya vyuma," alisema Mhasibu harakaharaka.

Macho yote yakamgeukia Mzee Bohari. Alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kofia yake ya kazini mikononi, anaikunja na kuikunjua. Mkurugenzi akamwuliza, kwa sauti ile wanayotumia wakubwa wakikutoa kafara, kama ana la kusema.

"Mkono wangu hauumi," alisema Mzee Bohari.

Ni hayo tu. Akaendelea kukunja kofia. Mtu aliyezoea kusimama juu ya kile kichuguu kifua mbele, leo mabega yalikuwa yameshuka. Kumpenda binti wa mtu ni jambo moja. Lakini Kisu alimpenda na huyu mzee, alipenda ule mluzi wa mpira unaokuja, na sasa alikuwa anamtazama akizikwa kwa kosa lisilo lake.

Asimame aseme? Akisema, itabidi amwage siri ya posa mbele ya kadamnasi, na kijana anayejitangazia posa mwenyewe kabla mwenye binti hajajibu, huyo ana adabu gani? Mzee angemkatalia palepale, na haki angekuwa nayo. Akinyamaza, Mzee anavuliwa glavu, Mhasibu anapanda kichuguuni na vyuma vyake. Shangazi alikuwa akipita na birika, akamwinamia. "Kunywa chai unyamaze," alimnong'oneza. "Mambo ya posa yana mwenyewe."

Kisu akajikaza, akasimama. Kiti kikalia kama mtu aliyeonewa.

"Tatizo si mzee," alisema. "Tatizo ni mimi. Mzee anarusha vizuri kama zamani. Mimi ndiye sidaki."

"Una nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Siwezi kuchuchumaa."

"Mgongo?"

"Hapana, bosi."

"Magoti? Tuna bima, sema tu."

"Siumwi popote. Siwezi kuchuchumaa vile, na miguu vile, mbele ya mzee."

"Ala! Mbona mwanzo wa msimu uliweza?" aliuliza Kocha. "Mzee ni yuleyule!"

Kisu akageuka kumtazama Shangazi. Chumba chote kilikuwa kinamngoja. Shangazi akaona mambo yanakwenda mrama, akalibwaga birika juu ya meza mpaka vikombe vikaruka.

"Kwa sababu ameposa!" alisema. "Haya, mmefurahi? Ameposa kwa mzee, mimi mwenyewe ndiye niliyetumwa, na jibu halijatoka. Sasa mnataka amkalie mkwe wake kama chura? Nyinyi kwenu hamkufundwa?"

Vicheko vilivyolipuka hapo usiulize. Vijana wa mashine ya kubana marobota walilaliana mabegani. Kisu alitamani godoro la futi sita limwangukie limfunike. Mzee Bohari alitazama ndoo ya kiyoyozi kama hajawahi kuona maji.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mkurugenzi. Alikuwa mtu wa ufumbuzi, alijisifu hivyo kila mwaka. "Kumbe jambo dogo!" alisema, akasugua viganja. "Mzee, mkatalie."

"Nini?" alisema Mzee Bohari.

"Mkatalie kijana. Si moja kwa moja, usinielewe vibaya. Mkatalie mpaka msimu uishe. Akiwa si mkwe wako, atachuchumaa. Tukichukua kikombe, unamkubalia, tunawafanyia harusi, kampuni inatoa godoro."

Mshauri alikuwa amekwisha kuandika. Ukutani pakatokea neno MIKAKATI, na chini yake: Kuahirisha uchumba.

"Tuende kwa kura, tusionekane madikteta," alisema Mkurugenzi. "Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Jamani, binadamu! Mikono ikapanda. Ikapanda ya Kocha, ya Mhasibu, ikapanda ya watu waliokula nyumbani kwa Mzee Bohari wakalamba vidole, ikapanda ya vijana wa marobota waliokuwa wakimwita Kisu ndugu yangu damu. Wengine walinyoosha wakitazama chini, lakini walinyoosha. Shangazi alishika birika kwa mikono yote miwili, akawatazama mmoja mmoja kama anayewakariri kwa ajili ya chai ya kesho.

Mzee Bohari akavaa kofia yake, akasimama.

"Binti yangu hapigiwi kura," alisema. Hakupandisha sauti, lakini mikono ikaanza kushuka. "Halafu mnadhani sikuona? Mimi ndiye niliye mbele yake. Nimeona tangu mpira wa kwanza kwamba kijana hachuchumai, na nimejua ni kwa nini. Mnataka kujua kwa nini nimekalia jibu? Nikisema ndiyo, anakuwa mkwe wangu kabisa, hatachuchumaa tena mbele yangu maisha yake yote. Nikisema hapana, binti yangu ataniangaliaje mezani? Basi nikawa nasema nitajibu, nitajibu, nikitumaini kijana atazoea. Naupenda huu mchezo. Uzeeni huku, sikutegemea kupenda kitu namna hii. Mnisamehe."

Hata kiti kimoja hakikulia. Kisu alisimama pale nyuma, mikono inamning'inia, hajui ashike nini.

"Kile kitu kilichoko kabatini," aliendelea Mzee, "ile kofia ya wavu. Akiivaa, mimi simwoni uso. Aliye ndani ya kile kitu si mkwe wa mtu, ni mdakaji. Akiivua, ataniamkia, tutaendelea na heshima zetu. Mnipe mechi moja."

Mkurugenzi alikunja uso. Kofia ilikuwa na kazi yake, wageni waliizoea. Lakini watu wa sabuni walikuwa wanakuja kwa mechi ya marudiano, na alikuwa amekwisha kuwaalika wakubwa wenzake. Ufunguo wa kabati ukatafutwa. Mshauri akafuta uchumba na kuandika: Matumizi bora ya vifaa. Kwenye maelezo ya mwisho lilionekana kama wazo lake.

Siku ya mechi Kisu aliingia uwanjani kofia kaishika kifuani. Akaenda mpaka kichuguuni, macho chini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

Akarudi nyuma ya mpigaji, akavaa. Dunia ikawa vimirabavimiraba. Ndani ya vile vimiraba alimwona mtu mmoja mrefu juu ya kichuguu, mkono umekwenda nyuma, na hakuwa baba wa mtu yeyote. Kisu akachuchumaa, magoti huku na huku. Mpira ukaja na mluzi wake, ukaingia kwenye glavu kwa kishindo mpaka watu wa jukwaani wakashtuka.

"Lo!" alisema mpigaji wa sabuni.

Kazi ikaendelea hivyo. Watu wa sabuni walipunga magongo hewani mpaka mikono ikawachoka. Kisu alidaka mipira ya juu, akadaka ya chini, akadaka mmoja uliogonga udongo kwanza. Kila raundi ikiisha alivua kofia, akainamisha kichwa, akapita mbali na Mzee kama ipasavyo. Akivaa tena, heshima anaiacha nje. Kwenye uzio wa chumba cha cherehani binti alikuwa amesimama na wenzake, anacheka kile kicheko chake kikubwa, na Kisu alikisikia hata ndani ya chuma.

Wakafika raundi ya mwisho, magodoro wako mbele kwa moja. Sabuni walibakiwa na mpigaji mmoja wa kutolewa, na mwenzao alikuwa amesimama kituo cha tatu, amejiinamia tayari kukimbia nyumbani, yaani kurudi pale pa mpigaji, kusawazisha. Mzee alikuwa amechoka sasa, ilionekana. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Akarusha. Mpigaji akaubabatiza mpira kwa ncha ya gongo, ukapanda juu, juu kabisa, mpira wa kitoto ambao hata bibi yako angeudaka, na ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Ukaanza kushuka taratibu kuelekea kituo cha tatu.

Pale kituo cha tatu, kivulini, Mkurugenzi alikuwa amewapa mgongo. "Haloo?" alisema. "Hebu rudia, kuna kelele hapa."

"Mheshimiwa Mkurugenzi!" aliita Kocha kutoka pembeni. "Samahani kwa usumbufu, Mheshimiwa..."

"Bosi," alisema Mhasibu, "kama utapata nafasi kidogo..."

"Nisubiri," alisema Mkurugenzi kwenye simu, "kuna watu wananiita."

Mpira ulikuwa unashuka. Kisu alimtazama Mzee Bohari. Mzee alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, mkono wake ule umekufa ubavuni, anaufuata ule mpira kama mtu anayeangalia bati la nyumba yake likipeperushwa. Angesema nini, naye ni mtu wa bohari? Hapo Kisu akasimama, akajaza kifua.

"Wewe mwenye simu!" aliunguruma ndani ya wavu. "Tupa hiyo simu! Mikono juu! Daka!"

Tangu aache shule Mkurugenzi hakuwahi kuitwa wewe. Woga wa zamani ulimpanda kabla cheo hakijafika. Simu ikaruka, mikono ikaenda juu, macho akayafumba, na mpira ukatua ndani ya glavu yake ukatulia humo wenyewe. Mwamuzi akanyoosha mkono. Mechi ikawa imekwisha, na magodoro wameshinda.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanaitazama simu majanini, kioo kimepasuka.

"Nani huyo?" aliuliza Mkurugenzi, anahema. "Nani aliyeniita wewe?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Mzee Bohari akashuka kichuguuni. "Ni yule aliyevaa kofia ya wavu," alisema. "Hatumjui."

"Mnamjua vizuri sana!"

"Tulikubaliana kikaoni, bosi. Akiwa ndani ya ile kofia si mkwe wa mtu. Nadhani si mfanyakazi wa mtu pia."

Uso wa Mkurugenzi ulibadilika rangi mara mbili. Wakubwa wenzake walikuwa wanashuka jukwaani kuja kumpongeza kwa udakaji ule, tayari wamenyoosha mikono, na mtu hawezi kumfukuza kazi kijana huku anapewa hongera. Akaona njia nyingine. "Kofia irudi kabatini," alisema kwa meno. "Leo hii. Na haitoki tena." Mshauri akatoa kalamu yake. Kwenye tathmini ya baadaye kofia ya wavu iliwekwa upande wa udhaifu: kifaa kinachochochea utovu wa nidhamu. Upande wa nguvu aliongezwa Mkurugenzi, udakaji.

Kisu akavua kofia, akamkabidhi Kocha. Nywele zilikuwa zimemlowa. Papo hapo akawa tena kijana aliyeposa. Macho yakaenda chini. Alijua kwamba bila kile chuma hatachuchumaa mbele ya yule mzee tena, na akaona huzuni bila kificho.

Mzee Bohari akamwita Shangazi, aliyekuwa kando ya uwanja na birika lake. Kisu alikuwa palepale, mkono ungemfikia, lakini mambo yana taratibu zake.

"Mwambie kijana wako nimekubali," alisema Mzee.

Shangazi akamgeukia Kisu. "Mzee anasema amekubali."

"Na mwambie hivi. Siku ile ya kura, moyoni na mimi nilinyoosha mkono. Nilitaka kumkatalia mpaka msimu uishe. Mwambie, asije akadhani anaoa kwa malaika."

"Umesikia," alisema Shangazi.

"Na mwambie mrushaji wake amestaafu." Akaivua glavu, akaitazama kidogo, akampa Shangazi. Kisha akatoka uwanjani akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Kisu alikuwa amepewa alichokitaka kuliko kitu chochote, na alisimama pale analia kama mtoto.

Siku ya mazoezi, Mzee Bohari alikuja kukaa tu kwenye benchi. Hakuvaa jezi. Mhasibu alikuwa anajinyoosha kichuguuni na kurusha mipira inayodunda njiani. Ndipo Mzee akaona kwamba nyuma ya mahali pa mpigaji kuna mtu amechuchumaa. Usoni alikuwa amevaa kifuniko cha feni mbovu, ule wavu wa mbele, kimezungushiwa sponji iliyokatwa safi pande zote na kuvikwa kitambaa cha foronya chenye mistari. Mshono ulikuwa mdogomdogo, umenyooka. Aliujua mshono ule tangu mwenye mshono anajifunza kushika sindano.

Binti yake alikuwa amesimama kando, uzi bado umemning'inia begani, glavu ya baba yake mkononi.

"Huyu nani?" aliuliza Mzee Bohari.

"Simjui, baba."

Mzee aliutazama tena mshono. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Na mimi simjui," alisema. Akainuka, akachukua glavu, akaanza kukunja mkono wa shati akielekea kichuguuni. "Mwambie achuchumae vizuri basi. Na yule Mhasibu mwambie ashuke."